Waya Uliokuwa Sawa

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa mtaani Umoja, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa mchoro mmoja, kisha kila mwenye nyumba akaongeza vyumba kwa kadiri ya uwezo wake, hata ukisimama barabarani usiweze kutambua tena mchoro wa kwanza ulikuwa upi. Chumba nilichokodi mimi, mwalimu wa shule ya sekondari, kilikuwa cha nyongeza, na ukuta mwembamba wa matofali ndio uliokitenga na chumba cha kulala cha wenye nyumba, Mwalimu Kyalo na mkewe, Mama Mueni. Mwalimu alikuwa amelala chali katika chumba hicho tangu mwaka uliotangulia. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umeanza miguuni, ukapanda hadi kiunoni, na sasa mgongo haukuweza tena kumweka ameketi. Akiinuliwa kwa mito, kichwa kiliangukia kifuani na pumzi ikamkwama. Mikononi alibakiwa na vidole viwili vya kulia na gumba la kushoto. Miguuni pa kitanda, juu ya kabati fupi la nguo, ilikaa kompyuta: sanduku dogo la rangi ya maziwa yaliyochacha, skrini ikiwa ndani ya sanduku hilo hilo, zawadi ya ofisi ya tafsiri aliyoitumikia, ambayo ilikuwa imepata mashine mpya zaidi. Ilibidi ikae hapo kwa sababu hapo tu ndipo macho yake yalipofika bila kugeuza shingo. Kibodi nayo ilibidi ikae kifuani pake, kwa sababu hapo tu ndipo vidole vyake vilipofika. Kati ya kabati na kifua kulikuwa na waya wa kibodi, uliojisokota kama ule wa mkono wa simu, nao ulikuwa mfupi. Ukivutwa ulifika, ukiachiwa ulijikunja kurudi kwao, ukaikokota kibodi juu ya blanketi hadi magotini, mahali ambapo mikono yake isingeifuata tena.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Mueni kwa mumewe, upande wa Machakos. Chakula kilipokuwa kikigawiwa kabla ya maziko, mzee mmoja mwenye fimbo alikuja akaketi karibu nami, nami sikumtambua mpaka aliponiita kwa jina ambalo mtu mmoja tu duniani aliwahi kuniita. “Ticha,” alisema, “nikuulize kitu kabla na sisi hatujaenda. Ile waya ya shemeji, ilikuwa sawa ama haikuwa sawa?” Huyo alikuwa Mutiso, ndugu mdogo wa marehemu, ambaye zamani alikuwa fundi wa simu. Nilihitaji kwanza kuurudia mwaka ule wote, kwa utaratibu, kama ninavyofanya hapa, kwa kuwa jibu lake lilikuwa ndani ya neno alilolitumia kuuliza.

Neno sawa halikupita bure katika nyumba ile. Nje, Umoja nzima, lilifanya kazi zote: lilisalimu, likajibu, likakubali, likakataa kwa adabu, likaaga. Mwalimu Kyalo, ambaye alikuwa amefundisha Kiswahili kwa muda mrefu kabla ya kuingia kwenye tafsiri, alilidai maana yake kila liliposemwa. Nikiwa mezani kwangu nasahihisha insha za wanafunzi, nilimsikia Mama Mueni akiingia upande wa pili wa ukuta na kikombe. “Chai hii hapa, Baba Mueni. Leo iko sawa.” Kisha sauti ya kitandani, taratibu, bila hasira: “Sawa na nini?” “Sawa na ya jana.” “Ya jana ilinuka moshi.” “Basi iko sawa na ya jana, na moshi wake. Fungua mdomo.” Hata mimi, siku niliyokwenda kukiona chumba na kusema kodi ni sawa, niliulizwa sawa na nini, nikasimama pale na begi langu kama mtahiniwa. Baadaye nilizoea. Baadaye zaidi nilianza kuwauliza hivyo wanafunzi wangu, na ninawauliza hadi leo, ingawa hakuna anayejua ninamnukuu nani.

Mwalimu Kyalo alikuwa akiandika kitabu juu ya msamiati wa wachongaji. Baba yake alichonga vinyago katika banda moja upande wa Pumwani, pamoja na wanaume wengine waliotoka Ukambani kutafuta riziki, na Mwalimu alikulia katika vumbi la mpingo akiyasikia maneno ya watu walioshika tezo. Maneno hayo yalikuwa yakifa pamoja na wenyewe. Sura sita zilikuwa zimekamilika na kuhifadhiwa katika diski. Katika sura ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora, ameeleza kosa la kwanza la kila mwanagenzi. Mchongaji hukaa ana kwa ana na kinyago, kwa hiyo mkono wa kulia wa kinyago uko kushoto kwa mchongaji. Asiyezoea huita upande kwa mkono wake mwenyewe, akatoboa palipopaswa kubaki pazima. Ndiyo sababu bandani pao hawakusema kulia na kushoto tu. Walisema “kulia kwake” na “kushoto kwake”, na huyo yeye siku zote alikuwa kinyago. Sura ya saba, ya mwisho, ilikuwa iwe juu ya macho, kwa sababu baba yake aliyachonga macho mwisho, baada ya kila kitu kingine kuwa tayari kuonwa.

Nilijitolea kumwandikia, yeye aseme nami nipige chapa. Tulijaribu. Alisema sentensi, nami nikaiandika, naye alipoisoma kwenye skrini alisema, “Hii ni nzuri. Si yangu.” Alikuwa na haki. Bila kujua nilikuwa nikizinyoosha sentensi zake, nikizipa mizani niliyofundishwa mimi, na maneno ya Kikamba, lugha ambayo sikuijua, niliyaandika kwa masikio yangu ya Nyeri, nilikozaliwa. Alihitaji kuliona neno likitoka chini ya kidole chake. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba vidole vitafuata njia ya miguu. Kwa hiyo sura ya saba ilikuwa ikishindana na vidole viwili na gumba, na kilichosimama katikati kilikuwa ufupi wa waya.

Mama Mueni alijaribu kuifunga kibodi kwenye chuma cha kitanda kwa kamba ya katani. Waya uliivuta upande mmoja, ikasimama mshazari. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, ameishika kwa mikono miwili, huku sufuria ikimngoja jikoni. “Huyu mbuzi wako ana kwao,” alimwambia mumewe. “Kila nikimwachia anarudi.” Walicheka, naye akaandika mistari miwili, mkono wa mkewe ukachoka, wakaacha. Mimi nilizunguka mjini Jumamosi nzima. Katika maduka ya mashine za ofisi waliniuliza kompyuta ilikuwa ya aina gani, na nilipoieleza walitikisa kichwa kwa upole, kama watu wanaoulizwa habari za jirani aliyehama. Fundi wa redio pale sokoni Umoja alikuwa tayari kuukata waya katikati na kutia kipande. Mwalimu alikataa. “Huo ndio pekee nilio nao,” alisema. “Ukiharibika, sitakuwa na hata huu usiotosha.”

Mutiso alikuja Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tumeandaa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula ambacho Mwalimu aliweza bado kukimeza kikipondwa. Alianza kusema akiwa bado mlangoni.

“Shemeji! Leo umepona!”

“Sijapona, Mutiso. Na masikio ni mazima.”

“Angalia kwanza.” Alitoa ndani ya koti waya wa kijivu uliosokotwa, mrefu mara mbili ya ule wetu, wenye vichwa vidogo vya plastiki vilivyofanana kabisa na vya kibodi. “Hii ni ya simu ya mapokezi. Ofisi fulani imebadilisha simu zote, hizi zinatupwa. Yule sekretari alikuwa anatembea nayo mpaka dirishani akiongea.”

“Waya ni huu,” Mwalimu alisema, “si hii.”

“Shemeji, wewe hata nyumba ikiungua utauliza moto uko ngeli gani.”

Mwalimu alicheka mpaka Mama Mueni akaja na mwiko mkononi kuona kama amekabwa. Lakini hakukubali uchomekwe. Mtu wa namna yake hachomeki kitu asichokikagua. “Nionyeshe vichwa vyote viwili,” alisema. Kwa kuwa alikuwa chali, Mutiso aliinama juu yake, akashika kichwa kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono ule, akavileta juu ya macho yake, ncha kwa ncha, kama watu wawili wanaotaka kusalimiana. Ndani ya plastiki iliyong’aa zilionekana nyaya nne: nyeusi, nyekundu, ya kijani, ya manjano. Nyeusi ilielekea nyeusi. Nyekundu ilielekea nyekundu. Mwalimu alizitazama kwa muda mrefu, akaomba mkono mmoja ushushwe kidogo, akazitazama tena.

“Sawa,” alisema.

Chumba kilijaa kicheko. “Amesema!” Mama Mueni alipaza sauti, akaupunga mwiko. “Leo amelisema mwenyewe!” Mutiso alinigeukia: “Ticha, wewe ni shahidi! Mzee amesema sawa!” Hata Mwalimu mwenyewe alitabasamu, kwa aibu ya mtu aliyekamatwa akila nje ya wakati. Nimekirudia kicheko kile mara nyingi, na kila mara nakisikia kikiwa kizuri. Hakikuwa na ubaya wowote. Kasoro yake ni moja, kwamba kilichukua nafasi ya swali ambalo nyumba ile iliuliza kila siku.

Tuliuchomeka. Kibodi ilikaa kifuani, imetulia, waya ukining’inia kwa ulegevu hadi kabatini. Mama Mueni akabonyeza swichi. Mashine ilitoa mlio wake wa kuamka, skrini ikapata mwanga, na Mwalimu akashusha kidole. Hakuna herufi iliyotokea. Akashusha tena. Harufu nyembamba ilitufikia, kama ya kiberiti kilichozimwa chumba cha pili. Mutiso alichomoa waya, akaurudisha ule mfupi, na kibodi ikabaki bubu vile vile. “Ni stima,” alisema. “Imezidi.” Wiki ile taa za Umoja zilikuwa kweli zikipungua na kuongezeka, kwa hiyo sote tulisema ni stima. Muthokoi uliliwa ukiwa umepoa, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuondoka mezani bila kula.

Kesho yake nilipotoka shuleni niliziomba nyaya zote mbili, mfupi na mrefu, nikaziweka mezani kwangu. Sikuwa na shaka na mtu. Ni tabia tu ya kazi yangu, kulinganisha nakala mbili kabla ya kusema lolote. Nililaza vichwa viwili vya waya mfupi bega kwa bega, ncha zote zikielekea dirishani: nyeusi, nyekundu, kijani, manjano, na tena nyeusi, nyekundu, kijani, manjano. Nikalaza vichwa vya waya mrefu vivyo hivyo. Cha kwanza kilianza na nyeusi. Cha pili kilianza na manjano, kikaishia na nyeusi. Nilivigeuza vikatazamana, ncha kwa ncha, kama Mutiso alivyovishika, na papo hapo rangi zikapatana. Kilichoonekana kupatana vilipotazamana ndicho kilichokuwa kimepishana. Waya wa simu hupishanishwa hivyo kwa makusudi, na simu haidhuriki. Kompyuta ile ilituma umeme wake kwa waya mmoja na kuurudisha kwa mwingine, na sisi tuliubadilishia njia.

Nilisimama mlangoni pa Mwalimu nikiwa na nyaya mkononi. Aliziona kabla sijasema. “Umeona nini?” aliuliza. Nilimweleza bila kupunguza, kwa kuwa kumpunguzia kungekuwa ni kumtukana. Nilivishika vichwa vile mbele ya macho yake, kwanza vikitazamana, kisha bega kwa bega. Alifumba macho. Nje mtoto wa jirani alikuwa akilia kwa sababu ya mpira.

“Kulia kwake,” Mwalimu alisema.

Kwangu hakuongeza neno juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye. Aliniomba tu Mutiso asiambiwe. “Alinipenda kwa haraka,” alisema. “Mwache na stima yake.” Jioni, wakati wa kumlisha, nilisikia kupitia ukutani kwamba alikuwa amemweleza mkewe. Kijiko cha Mama Mueni kikagonga bakuli.

“Ningekuuliza,” alisema.

“Ungeniuliza nini?”

“Sawa na nini. Kila siku unatuuliza sisi. Mimi nilikuwa pale, nimeshika mwiko. Ningekuuliza.”

“Hukuuliza kwa sababu ulifurahi.”

“Nilifurahi,” Mama Mueni alisema. Kisha: “Fungua mdomo.”

Mashine ilipelekwa mjini kwa fundi, naye akasema kifaa kilichoungua ndani yake hakipatikani nchini, kitaagizwa ng’ambo. Tukaanza kungoja, na katika kungoja kwetu chumba kile kilibadilika kwa namna ambayo siwezi kuisahau wala kuieleza vizuri. Juu ya kabati palibaki umbo la mraba lisilo na vumbi. Mwalimu alilala akipatazama, kwa kuwa hakuweza kutazama pengine. Tulirudia kuandika kwa imla, mimi nikishika kalamu, lakini sasa sauti yenyewe ilikuwa imeanza kwenda. Maneno yalitoka bila irabu zake, nami nilikisia, nikamsomea, naye akapepesa macho kwa maana ya ndiyo, na mara nyingine, nadhani, kwa maana ya uchovu. Gumba la kushoto lilikwenda kwanza. Siku hiyo hakutuambia. Mama Mueni ndiye aliyegundua alipokuwa akimkata kucha, akaendelea kuzikata zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ule ule.

Mutiso aliibeba kompyuta begani kutoka stendi siku ilipokuwa tayari. Pamoja nayo fundi alikuwa ametutengenezea waya mrefu, ulionyooka sawasawa kutoka kichwa hadi kichwa. Niliukagua mwenyewe bega kwa bega, mara kadhaa. Ulifika kifuani na ukabaki. Mashine ikaamka, kibodi ikalazwa mahali pake, na Mama Mueni akauinua mkono wa mumewe kama mtu anayemwekea mtoto mkono kwenye kitasa. Nilijua neno analolitaka, kwa sababu sura ile ilikuwa na jina moja tu tangu mwanzo. Kidole cha shahada kilitua juu ya herufi ya kwanza ya neno macho. Kilikuwa na uzito wa kuibonyeza, lakini hakikuwa na nguvu ya kujiinua. Herufi m ilitokea kwenye skrini, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, mstari ukajaa, ukateremka wa pili, ukajaa, wa tatu, mashine ikitii bila kuchoka, hadi Mama Mueni alipokiinua kidole kile kwa vidole vyake viwili na kukibusu. “Inafanya!” Mutiso alisema nyuma yetu, mwenye furaha ya kweli. “Si mnaona inafanya?”

Mwalimu alifariki kabla ya mvua za vuli kwisha. Mama Mueni aliendelea kuishi Umoja, na siri ya stima aliitunza mpaka mwisho wake. Ndugu yake alipomtembelea na mazungumzo yakafika huko, Mama Mueni aliinuka kuongeza chai.

Basi turudi pale Machakos, chini ya turubai, na mzee mwenye fimbo akingoja. Mwenye kuiomba siri ile alikuwa amezikwa zamani, na mwenye kuitunza alikuwa akingoja kuzikwa alasiri hiyo. Kwa kitambo nilitaka kumwambia ni stima.

“Ilikuwa sawa,” nilisema.

Mutiso aliikaza fimbo yake. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya taratibu, bila hasira, kama niliyoisikia ukutani nilipokuwa kijana.

“Sawa na nini?”

“Sawa na waya wa simu.”

Aliinama. Alikuwa ametengeneza simu maisha yake yote. Hakuhitaji nimwonyeshe rangi. Aliunyanyua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akautazama, akanyanyua na wa kushoto, akavileta vidole vya mikono yote miwili vikatazamana, ncha kwa ncha, akakaa hivyo. Chakula chake sikumwona akikigusa.

Tulimzika Mama Mueni alasiri ile, kando ya mumewe. Kurasa nilizoandika kwa mkono wakati wa kungoja ninazo bado, nami sijazichapisha, kwa kuwa siwezi kutenganisha sentensi zake na zangu. Kitabu cha Mwalimu Kyalo kilitoka. Kina sura sita.